Maswali na Majibu: Kula Kigiriki Meli Inapotia Nanga

Msimu wa meli za utalii katika Bahari ya Aegean huanza mwezi wa nne na kufifia mwezi wa kumi na moja, na barua zenu zimewahi. Wengi mnasafiri ukoo mzima, kuanzia bibi hadi mtoto wa kunyonya, kwa zile safari fupi zinazoanzia bandari ya Piraeus karibu na Athens, zikapita Mykonos, Santorini, Patmos, Rhodes na Heraklion kule Krete. Kila barua ina mtindo wake, ila zote zinauliza jambo moja: tukishuka, tule nini? Nimechagua chache na kuzifupisha.

Dada, chakula cha melini tumeshakilipia, asubuhi mchana na usiku. Kwa nini nitoe euro tena nchi kavu kulisha watu sita? (Baba wa familia, Dodoma)

Kaka, ulicholipia melini ni kushiba. Jikoni kule wanapikia watu wa kila taifa kwa mpigo mmoja, kwa hiyo kila kitu hupunguzwa makali: kitunguu saumu kidogo, limau kidogo, jibini lisilonuka. Hata ule “usiku wa Kigiriki” ulioandikwa kwenye ratiba, mara nyingi ni bufee ileile iliyobadilishiwa vitambaa vya meza. Si vibaya, watoto watalala wameshiba. Ila usije ukarudi Dodoma ukasema umekula Ugiriki.

Wala huna haja ya kununua milo sita. Wagiriki huagiza sahani za kuweka katikati na kila mtu anachota, mambo ya sinia ambayo hatuhitaji kufundishwa. Kunyweni chai nzito melini, shukeni, mkae mahali pamoja, mwagize sahani nne au tano na mkate. Watu sita mtaonja na hakuna atakayelala njaa. Siku mkiwa na haraka, ingieni duka la mkate, wao huliita *fournos*, mnunue *tiropita*, mkate wa matabaka wenye jibini ndani, au *spanakopita* ya spinachi. Pita, yaani mkate bapa, iliyofungiwa nyama na chipsi huwa kama euro 4 au 5 katika duka la kawaida, na zaidi ya hapo Mykonos na Santorini.

Sharti langu ni moja: ondokeni gatini. Panda vichochoro viwili vitatu. Mkahawa wenye picha za vyakula mlangoni, lugha saba kwenye menyu na kijana wa kuwavuta wapita njia kwa mkono, upite tu. Tafuta wenye menyu fupi, uulize leo wamepika nini cha sufuriani. Vyakula hivyo huviita *mageirefta*, vimekaa jikoni tangu asubuhi, na mwenye mkahawa wa namna hiyo mara nyingi hakatai ukiomba kuchungulia masufuria kabla ya kuagiza.

Assalaam alaykum. Sisi ni Waswahili tunaoishi Muscat, tunaondoka na watoto wanne na mama mkwe. Tunasikia huko ni nguruwe mtupu. Tutakula nini zaidi ya samaki? (Msomaji wa Muscat)

Wa alaykum salaam. Mliyoyasikia yana ukweli wake. Gyros, ile nyama inayozungushwa kwenye mti wa chuma ikakatwa vipande vyembamba, visiwani humo ni nguruwe mara nyingi, kuku anafuata. Mishikaki yao, *souvlaki*, hali kadhalika. Ukiagiza “gyros” bila kutaja nyama, jua umeagiza kitimoto. Karirini kabla ya safari: *hirino* ni nguruwe, *kotopoulo* kuku, *arni* kondoo, *katsiki* mbuzi, *moschari* ng’ombe. Na hata ukipata kuku, kwa kawaida hakuchinjwa Kiislamu, na kisu kinachomkata ndicho kilichotoka kumkata nguruwe wa jirani. Nyama ya kusaga nayo ni ya kuulizia, kwa sababu kababu zao, *keftedes*, huweza kuwa za mchanganyiko. *Louza* ya Mykonos na *apaki* ya Krete hazina haja ya kuulizwa, zote mbili ni nguruwe.

Sasa habari njema, nayo inatoka kanisani. Waorthodoksi wana siku nyingi za kufunga kwa mwaka: wiki za kabla ya Pasaka, siku 14 za mwanzo wa mwezi wa nane, na Jumatano na Ijumaa kwa wanaoshika sana. Katika siku hizo hawali nyama, mayai, maziwa wala samaki, ingawa pweza, ngisi na kamba wanaruhusiwa. Kwa karne nyingi mama wa Kigiriki amelazimika kulisha familia bila kipande cha nyama, na hapo ndipo jiko lao lilipokomaa. Kuna *gemista*, nyanya na pilipili hoho zilizojazwa wali wenye viungo vya majani. Kuna *gigantes*, maharage makubwa meupe yaliyookwa kwenye rojo la nyanya. Kuna *briam* ya bilinganya, viazi na maboga madogo, na *dolmadakia*, wali uliofungwa kwenye majani ya mzabibu. Uliza chakula cha *nistisimo*, yaani cha mfungo, na mhudumu ataelewa mara moja. Kwa gemista na dolmadakia mtaje neno hilo hasa, maana zipo pia zinazotiwa nyama ya kusaga.

Ila mfungo wao haukatazi mvinyo kila siku, na pweza au nyama ya mchuzi huweza kupikiwa mvinyo. Ongezeni maneno *horis krasi*, bila mvinyo. Mkiwa wakali zaidi, jueni pia kwamba majibini mengi ya asili hugandishwa kwa kimeng’enya kinachotoka tumboni mwa mwanakondoo au mwanambuzi.

Rhodes na Kos zina Waislamu wenyeji hadi leo, masalia ya enzi ya Waturuki Waosmani walioitawala Rhodes toka 1522 hadi 1912, na katika mji mkongwe wa Rhodes kuna msikiti unaosaliwa. Lakini msitarajie nyama halali kila kona kwa sababu hiyo. Kama meli yenu inapitia Kuşadası, hapo ni Uturuki, na mama mkwe atapata kondoo wake kwa roho nyeupe. Hamu ya nyama iwekeni mpaka siku hiyo.

Mwanangu, wajukuu wangu wamenikatia tiketi bila kuniuliza. Mimi meno ya kuhesabu, na chakula kisicho na mboga ya majani kwangu si chakula. Huko kwa Wagiriki nitapewa nini? (Bibi, Tanga)

Shikamoo bibi. Utapewa mchicha.

Sitanii. Wagiriki wanapenda sana majani ya kuchemsha, yanaitwa *horta*. Yale ya majira ya baridi ni machungu kidogo, ya kuokotwa milimani. Lakini kiangazi, wakati meli zimejaa, *horta* ya kawaida mezani ni *vlita*, na *vlita* ni mchicha, wa ukoo mmoja kabisa na ule wa bustanini kwako. Wanauchemsha na vijiti vyake mpaka ulainike, wanauchuja, wanaumwagia mafuta ya zeituni na limau. Hautiwi nazi, hautiwi karanga. Kama utaukuta mkavu kwa ulimi wako, omba mafuta zaidi na kipande cha mkate. Mara nyingi huletwa na maboga madogo ya kuchemsha, nayo ni laini.

Kuna na bamia, bibi, wanaziita hivyohivyo karibu, *bamies*. Zinapikwa polepole na nyanya na mafuta mengi. Wanajitahidi zisitoe utelezi, wengine huzilowesha siki na kuzianika kwanza, kwa hiyo usitafute mlenda. Na ukiona *fava* kwenye menyu, agiza: ni punje za njano zilizopikwa zikapondwa mpaka zikawa uji mzito, juu kitunguu na mafuta. Haitaki jino hata moja.

Wajukuu wakikulazimisha pweza wa kuchoma, wewe kataa.

Dada, mtoto wangu wa miaka saba anakula chipsi, kuku na wali, basi. Wa miaka kumi na miwili yuko tayari kuonja, ila akimwona mdogo wake amekunja uso naye anakunja. Sitaki kugombana mbele ya wazungu. (Mama, Nairobi)

Usigombane, mpe chipsi. Mikahawa mingi visiwani bado inamenya viazi na kuvikaanga papo hapo, vingine kwa mafuta ya zeituni, na viazi vya kisiwa cha Naxos vina sifa Ugiriki nzima. Kuku wa mishikaki yupo kila mahali. Wali mtamu zaidi uko Krete, unaitwa *gamopilafo*, wali wa harusi: mchele unapikwa kwenye supu ya mbuzi, kondoo au kuku, mwishoni unatiwa siagi na limau. Hauna bizari wala karafuu. Mwambie ni wali wa supu. Ukimwambia ni pilau atakuaibisha.

Saladi yao ya kijijini, *horiatiki*, ni kachumbari iliyokatwa vipande vikubwa, na zeituni, na bamba zima la feta juu. Feta ni maziwa ya kondoo, angalau asilimia 70, na yanayobaki ni ya mbuzi. Tangu 2002 sheria ya Ulaya inataka jina hilo litumike kwa jibini la Ugiriki peke yake. Ina chumvi, na watoto wetu wengi wanaitema mara ya kwanza. Anzia *saganaki*, jibini la kukaanga lenye ganda la dhahabu na limau juu. Sijaona mtoto akiirudisha. Au *graviera* ya Naxos, ambayo ina utamu kwa mbali.

Huyu mkubwa mpe madaraka. Kila bandari achague kitu kimoja ambacho hajawahi kukiona, akiagize mwenyewe kwa mdomo wake, na mdogo asilazimishwe kukigusa. Krete atakutana na konokono wa kukaangwa kwa siki na rosmari, *chochlioi*. Jiandae, kwa sababu atawaagiza kweli.

Na jioni wote wawili wape *loukoumades*. Ni kaimati. Donge la unga wenye hamira, linakaangwa, linamwagiwa asali na mdalasini. Hapo utakula kwa amani.

Mimi ni mtu wa Pemba, pweza nimezaliwa naye. Nasikia Wagiriki nao wanajisifu kwa pweza. Wanampikaje, na je anafika kwa wetu? (Mpemba aliye Birmingham)

Hapa tutakosana, kaka, maana mimi pweza wa nazi siuzi kwa chochote. Lakini wa kwao mpe nafasi.

Kwanza si pweza mmoja. Wa kwetu anayechokolewa miambani bahari ikipwa ni *Octopus cyanea*. Wa Mediterania ni *Octopus vulgaris*. Na huko hakuna bamvua: maji hupanda na kushuka kidogo tu, kwa hiyo huwezi kuona kina mama wakitembea mwambani na vijiti kama Pemba au Jambiani. Anavuliwa kwa mitego ya vyungu, kwa ndoana, au kwa mkuki wa mpiga mbizi. Akitoka majini anapigwa juu ya jiwe, tena na tena, na kusuguliwa mpaka atoe povu. Hilo wewe hutafundishwa.

Wanapoachana na sisi ni baada ya hapo. Wanamtundika kambani juani, mikono imening’inia, kwa saa kadhaa, apungue maji. Ndipo anawekwa juu ya makaa bila kuchemshwa, au baada ya kuchemka kidogo. Ngozi inakauka na kuungua kidogo nchani, ndani anabaki na utomvu, ladha ya bahari imekolea. Anakatwa vipande, mafuta ya zeituni, siki au limau, oregano. Kwisha. Hakuna rojo la kujificha ndani yake, kwa hiyo mpishi mbovu anajulikana hapohapo. Yupo pia *htapodi xidato*, aliyelala kwenye siki, anayeliwa baridi na kinywaji. Huyo sijawahi kumpenda.

Angalizo: pweza wanaoning’inia mbele ya mikahawa ya gatini wakati mwingine ni pambo la kupigia picha, na anayefika mezani ametoka kwenye friza. Muulize mhudumu, *fresko* au *katepsigmeno*? Akiwa wa friza usikasirike sana, barafu inamlainisha pweza vizuri tu, ila bei nayo iwe ya friza.

Kama anafika kwa wetu? Wa makaa anamshinda wa makaa wa kwetu. Kwa mchuzi, hawajatugusa.

Sisi tuna saa nne au tano tu kila kituo. Badala ya kula kitu kilekile kila siku, tupangie: kisiwa gani, tule nini? (Familia ya Kampala)

Swali hili ndilo nililolisubiri, maana kosa kubwa la abiria wa meli ni kuagiza saladi ya feta na moussaka, ile bilinganya na nyama ya tanuri, katika bandari tano mfululizo, kisha kusema chakula cha Kigiriki ni kilekile. Kila kisiwa kina chungu chake.

Mykonos meli nyingi hufika alasiri. Mji ni mzuri, bei hazina huruma. Msikae mkahawani. Tafuteni jibini la *kopanisti*, kali linalowasha ulimi, linalopakwa juu ya mkate mkavu wa shayiri na nyanya. Watu wazima wataipenda, watoto hapana. Kuna pia mkate wa kuoka wenye vitunguu na jibini, *kremidopita*. Nunueni, mle mkitembea, akiba ya pesa iende mbele.

Santorini ni habari nyingine. Kisiwa ni mabaki ya volkano iliyolipuka zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, mvua ni haba, na kila kinachoota pale kinaishi kwa majivu ya volkano na umande wa usiku. Ndiyo maana nyanya zao ni ndogo, ganda gumu, utamu na uchachu umejibana ndani. Zinasagwa na vitunguu na majani ya mnanaa, zinakaangwa kama bajia: *tomatokeftedes*. Agizeni hizo kabla ya yote. Halafu *fava*, ile niliyomwambia bibi wa Tanga. Mbegu zake zimechimbuliwa katika magofu ya Akrotiri, mji uliofukiwa na mlipuko uleule, kwa hiyo watu wa pale walikuwa wakiila kabla majivu hayajawafunika. Bilinganya za huko ni nyeupe, hazina uchungu. Kapari, zile tumba chachu za kuhifadhiwa kwenye chumvi, zinaota zenyewe kwenye kuta.

Tatizo la Santorini ni kufika juu. Meli haifungi gatini. Mnashushwa kwa boti hadi bandari ya zamani, na kwenda mjini Fira ni kwa kebo, gari linaloning’inia kwenye waya, kwa punda, au kwa ngazi 588. Foleni ya kebo inakula saa. Tangu 2025 kisiwa kimeweka kikomo cha abiria 8,000 wa meli kwa siku, na bado kunajaa. Bibi na watoto waende kwa kebo mapema, na mkila, msile ukingoni mwa jabali ambako mnalipia mandhari. Ingieni vichochoro vya ndani. Mkiwa na muda wa gari, kijiji cha Pyrgos au Megalochori kina utulivu zaidi.

Patmos ni kituo cha asubuhi, watu hupanda kwenda pango linalohusishwa na Yohana na Kitabu cha Ufunuo, na kwenye monasteri iliyojengwa mwaka 1088. Kahawa na mkate wa jibini hapo Skala, bandarini, vinatosha.

Rhodes, ndani ya kuta za mji mkongwe, ulizieni *pitaroudia*. Ni bajia za dengu, zile dengu tunazosagia unga wa bajia, na nyanya, kitunguu na mnanaa. Mtu wa Mombasa atajiona nyumbani. Kwa watoto nunueni *melekouni*, kashata ya ufuta na asali yenye lozi na ganda la chungwa, ambayo wenyeji hugawa harusini na kwenye ubatizo.

Na kama ningekuwa na mlo mmoja tu nchi kavu katika safari nzima, ningeuweka Heraklion. Kutoka bandarini mnaweza kutembea hadi uwanja wa chemchemi ya simba, iliyojengwa na Waveneti, watu wa Venice, mwaka 1628, na pembeni yake kunauzwa *bougatsa*: chapati nyembamba za tabaka zenye krimu au jibini laini ndani, sukari ya unga na mdalasini juu, ya moto. Mtaa wa soko, unaoitwa 1866 kwa heshima ya uasi wa mwaka huo dhidi ya Waosmani, uko hatua chache. Hapo mnapata asali ya zaateri, majibini ya kuonjeshwa bure, na vitobosha vya jibini viitwavyo *kalitsounia*. Kisha kaeni mahali, mwagize *dakos*: mkate mkavu wa shayiri, unaloweshwa kidogo, unarundikiwa nyanya mbichi iliyoparwa, jibini laini la *mizithra*, oregano, na mafuta ya zeituni mpaka yachuruzike. Hakuna kilichopikwa hapo zaidi ya mkate, na bado mtaikumbuka kuliko nyama yoyote. Mwishoni mtaletewa matunda na kichupa cha *raki* bila kuagiza, ndiyo desturi ya Krete. Asiyekunywa anasema asante na kula tikiti.

Meli ikipita kwingine: Syros ni *loukoumi*, peremende laini ya wanga iliyonyunyizwa sukari. Chios ni *mastiha*, utomvu wa mti wenye harufu ya msituni. Sifnos, mkibahatika Jumapili, ni dengu zilizolala usiku kucha kwenye chungu cha udongo ndani ya tanuri. Corfu iko upande wa pili kabisa, Bahari ya Ionia, na ilitawaliwa na Venice hadi 1797, kwa hiyo huko mtakuta tambi na jogoo wa mchuzi wa viungo, *pastitsada*, chenye mdalasini na karafuu. Watu wa pwani, hicho kitawaita kwa jina.

Tulikula samaki wawili na saladi kwenye kisiwa kimoja, bili ikaja ya kununulia mbuzi. Tuliibiwa au hatukujua? (Mkenya aliye Minnesota)

Huenda hamkujua, na walifurahi kwamba hamkujua. Samaki wakubwa huuzwa kwa kilo, na bei iliyoandikwa kwenye menyu ni ya kilo, siyo ya sahani. Samaki wa daraja la juu, kama mkundaji, *barbouni* wao, huweza kupita euro 60 kwa kilo. Nenda mwenyewe kwenye barafu, chagua, apimwe mbele yako, uambiwe jumla kabla hajaenda jikoni. Hakuna Mgiriki atakayekuona mchoyo, wao hufanya hivyohivyo.

Familia kubwa ile samaki wadogo: *gavros*, *sardela*, *marida*, wanaokaangwa na kuliwa na vichwa kama dagaa. Hao huuzwa kwa sahani. Ukiona nyota au herufi *kat.* pembeni ya jina, ni wa friza, sheria inawalazimu waandike. Mkate na *kouver*, ada ya kukalia meza, mtatozwa kila kichwa, kiasi kidogo. Na someni chini ya menyu: imeandikwa kwamba mteja asipopewa risiti halazimiki kulipa. Daini risiti.

Marehemu baba alifanya kazi kwenye shamba la mkonge la Mgiriki, alikuwa akitusimulia chakula cha bilinganya na nyama chenye “mkate wa maziwa” juu. Nataka kukila huko kwao. (Mzee, Morogoro)

Shikamoo mzee. Hiyo ni moussaka, na huo “mkate” ni mchuzi mzito wa maziwa, siagi na unga uliookwa ukashika rangi. Tabaka hilo limeenea tangu miaka ya 1920 kwa ushawishi wa mpishi Nikolaos Tselementes, mtu wa asili ya Sifnos, aliyependa kuingiza mitindo ya Kifaransa katika jiko la Kigiriki. Kabla ya hapo bilinganya na nyama viliungwa vyenyewe.

Iagize mchana, mahali pa masufuria ya asubuhi, ikiwa vuguvugu. Ndivyo inavyoliwa, si dalili ya kupoa. Ikikatwa isimame. Ikija inachemka kwenye kibakuli cha udongo, uwezekano mkubwa imetoka kwenye maikrowevu. Baba yako asingeitambua.

Mwanangu ana mzio wa karanga na ufuta. Nighairi safari? (Mama, Mombasa)

Usighairi, ila ufuta ndio wa kukukosesha usingizi, siyo karanga. Uko kwenye mkate wa duara wa asubuhi, *koulouri*, kwenye halua yao ya *tahini*, kwenye kashata, na juu ya maandazi mengi ya dukani. Lozi na jozi zimejaa kwenye vitamu. Sheria ya Ulaya inataka kila mkahawa uweze kukwambia kama chakula kina kimojawapo kati ya vizio 14 vilivyoorodheshwa, na ufuta, karanga, lozi na jozi vimo. Andikisha mzio huo kwa kampuni ya meli kabla ya kuondoka, chapisha kadi ya Kigiriki yenye maelezo, na dawa za daktari zikae kwenye mkoba wako, zisibaki chumbani melini. Vitamu vya dukani mpite. Mtindi na asali vinamtosha.

Naweza kubeba sambusa za nyama na maembe kwa ajili ya njiani? (Dar es Salaam)

Hapana kwa vyote viwili. Umoja wa Ulaya haukubali nyama wala maziwa kwenye mizigo ya abiria kutoka nje, isipokuwa vitu kama maziwa ya unga ya mtoto mchanga, hadi kilo 2. Embe linataka cheti cha afya ya mimea. Nanasi, nazi, ndizi na tende vinaruhusiwa bila cheti, kwa hiyo beba tende. Kurudi melini vilevile, vyakula vilivyopikwa nje kwa kawaida huzuiwa mlangoni, vilivyofungwa kiwandani hupita.

Tulikaa mkahawani Rhodes tukisubiri bili, haikuja, nusura meli ituache. Ndiyo huduma yao? (Bujumbura)

Ndiyo adabu yao. Kumletea mgeni bili kabla hajaiomba ni kumfukuza. Mngekaa hadi magharibi asingewasumbua mtu. Semeni *ton logariasmo parakalo*, au inueni mkono mfanye kama mnaandika hewani. Iombeni matunda yanapofika mezani, muwe na kadi mkononi, na hesabuni saa yenu kwa muda wa mwisho wa kupanda, ambao hutangulia muda wa kung’oa nanga. Kwa kuwa wenyeji hula mchana saa nane au tisa, nyinyi ingieni saa sita na nusu. Jiko limeshaiva, meza ziko wazi, na mpishi bado hajachoka.